Sura ya Tatu: Lantana Isiyo na Maua

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa kinachochanua na kwa uzio wa nyumba. Lantana ilipandwa kwa maana zote mbili. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Katika karne ya 17 ilifikishwa Ulaya, ikazalishwa rangi kwa rangi, kisha ikasambazwa duniani. Wengi huitambua kwa maua yake tu, na maua yakionekana, mbegu haziko mbali.

Kolandoto, kaskazini mwa mji wa Shinyanga, mvua zikianza mwishoni mwa mwaka lantana huchipua. Shika tawi changa ulizungushe kati ya vidole: utahisi pembe nne, na juu yake vimiba vilivyopinda. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza kama msasa. Fikicha moja, harufu kali itabaki mkononi.

Ikichanua, tazama kichwa kimoja cha maua. Ya katikati, yaliyofunguka karibuni, ni ya njano. Ya pembeni, yaliyotangulia, yamegeuka waridi au mekundu. Usiichanganye na ndugu yake, Lantana trifolia, ambaye majani yake hutoka matatu matatu, maua ni ya zambarau na hana miiba. Huyo mwache.

Matunda huanza kijani, yakaiva kuwa meusi yanayong'aa, kiasi cha punje ya mtama. Shore huyameza na kudondosha mbegu anakotua. Hivyo ndivyo uzio wa nyumba moja unavyofika kwenye ngitili.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuyarudisha Shinyanga. Ng'ombe mwenye njaa akila lantana humo, ini huharibika, macho huwa ya manjano na ngozi hubabuka juani.

Kiangazi kikikaza majani hupukutika, na kichaka hufanana na fito kavu zozote. Hapo tafuta vimiba, na makovu ya majani yanayotazamana. Ukikifyeka au kukichoma tu, kitachipua tena kutoka shinani. Kifunge kitambaa kiwe alama. Mvua za kwanza zikilainisha udongo, rudi na jembe, ukichimbue na mizizi yake kabla hakijachanua.