Serikali si duka, lakini madeni yake sharti yaandikwe

KWA miaka mingi, wizara za serikali ya Kenya ziliandika hesabu kwa kanuni moja nyepesi: pesa huhesabiwa zinapopokelewa au zinapolipwa.

Kanuni hiyo ina kasoro. Mwanakandarasi aliyekamilisha barabara mwezi Mei, na ambaye hajalipwa kufikia Juni 30 mwaka wa kifedha unapofungwa, hahesabiwi katika matumizi ya mwaka huo. Kazi imefanyika na deni lipo, ila likitajwa, ni katika maelezo ya ziada tu.

Kampuni za kibiashara, kwa upande wake, huandika gharama pindi inapotokea, hata kama pesa hazijatoka. Huo ndio mfumo ambao serikali ilianza kuuingiza katika hesabu zake Julai 1, 2024, kwa mpango wa miaka mitatu. New Zealand ilikuwa imetangulia kuutumia tangu mapema miaka ya 1990.

Hata hivyo, kanuni za biashara haziwezi kunakiliwa vivi hivi. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa umma, vijulikanavyo kama IPSAS, kwa kiasi kikubwa hutokana na vile vya kampuni, lakini hurekebishwa pale ambapo serikali hutofautiana na biashara.

Mfano ni zahanati ya kijijini isiyotoza ada. Kwa mizani ya mfanyabiashara anayetazamia faida, jengo hilo lingeonekana halina thamani. Viwango vya umma hulihesabu kuwa mali, kwa kuwa linatoa huduma.

Ushuru nao si mauzo. Anayenunua sukari hupewa sukari ya thamani ya pesa zake; mlipa ushuru hapewi kitu mkononi. Kwa sababu hiyo, mapato ya aina hiyo yalitungiwa kiwango chake mnamo 2006.

Kibarua kigumu kimo katika kuorodhesha na kuthamini ardhi, majengo na magari yote ya umma. Kwa kaunti, baadhi ya mali hizo zilirithiwa kutoka kwa mabaraza ya miji yaliyovunjwa 2013, na kumbukumbu zake zimezua mizozo.

Aidha, kuandika deni si kulilipa. Lakini mwanakandarasi anayesubiri haki yake atajua angalau kwamba deni lake limo katika hesabu kuu, mahali ambapo wabunge na wakaguzi wanaliona. Mficha maradhi, kifo humuumbua.