Moto ya umeme kijijini: betri ya pili nani atalipa?

Kobalti ya Kolwezi inaenda mpaka China kutengeneza betri za magari. Sisi wa vijiji vya Lualaba, moto ikiishiwa esanse tunasukuma. Moto ya umeme ingetufaa, juu jua liko bure, tena mingi. Lakini saa jua linawaka ndiyo saa motari iko barabarani! Kwa hiyo inaomba betri mbili: moja inatembea, ingine imefungwa kwenye pano, jioni anabadilisha. Pano ya wati 500, ikipata jua kali masaa 5, inajaza betri ya kilowati-saa 2. Toka mwezi wa 11 mpaka wa 4, mvua inaharibu hiyo hesabu. Pano tutachangia. Nyinyi wenye kuleta hizo moto, betri ya pili mtatukopesha?