"Bail" ya Marekani si dhamana tunayoijua sisi



Naomba nami nitie neno. Kazi yangu huku ni ukalimani, na mara nyingi naitwa mahakamani kuwasaidia watu wetu. Kwa miaka nikitafsiri "bail" kuwa "dhamana" bila ya kufikiri, mpaka siku moja mama wa Kitanzania, mwanawe kakamatwa, akaniambia: "Mwanangu, wadhamini tunao wawili, wote wana kazi. Niambie tu, barua ya serikali ya mtaa huku inachukuliwa wapi?" Nikaduwaa.

Kwa mama yule dhamana ni mtu. Jirani au mjomba anasimama mbele ya hakimu, anabeba jukumu kwamba utarudi. Huku, katika majimbo mengi, dhamana ni fedha. Unazo, unakwenda nyumbani kuoga. Huna, unangojea kesi rumande, na sheria bado inasema huna hatia! Wapo mawakala wa kukulipia, kwa ujira wa asilimia 10 hivi, ambao haurudi hata ukishinda kesi. (Sisemi kwetu ni peponi. Tanzania mtuhumiwa wa kutakatisha fedha hapewi dhamana kabisa, na watu wamekaa ndani miaka.)

Kisa kilichoamsha watu ni cha Kalief Browder, kijana wa Bronx. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alituhumiwa kuiba mkoba. Mahakama ikataka dola 3,000, nyumbani hazikuwepo, na baadaye hata mlango huo ukafungwa kwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi kwa kesi ya nyuma. Akakaa kisiwa cha Rikers miaka mitatu hivi, karibu miwili ametengwa peke yake. Mashtaka yakafutwa 2013. Mwaka 2015 akajiua.

New York ikabadili sheria 2019: kuanzia Januari 2020, makosa mengi yasiyo ya ukatili hayatozwi fedha. Miezi mitatu baadaye ukaja ugonjwa wa korona, na mwaka huo mauaji Marekani nzima yakapanda kwa karibu asilimia 30, hata katika majimbo ambayo hayakugusa sheria zao. Lakini nani atasikiliza hesabu hiyo? Gazeti likipata mtu mmoja aliyeachiwa akaenda kuumiza mwingine, basi, mjadala umekwisha. Hapa ndipo wengi wetu hatuelewi: huku mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya, kwa kawaida, huchaguliwa kwa kura, na mahali pengi hata hakimu. Kosa la kumwachia mtu linaonekana kwenye televisheni. Kosa la kumfunga asiye na hatia halina picha. Mwaka 2022 Lee Zeldin nusura autikise ugavana wa New York kwa hoja hiyo hiyo, ingawa mauaji mjini yalikuwa yakipungua. Sheria yenyewe ilirekebishwa 2020, 2022 na 2023.

Wapinzani nao, kusema kweli, wana hoja moja nzito: New York hakimu haruhusiwi kupima kama mtuhumiwa ni hatari kwa watu. Illinois naona walifikiri vizuri zaidi. Tangu Septemba 2023 fedha zimeondolewa kabisa. Hakimu anauliza, je, ni hatari, na je, atatoroka? Akiona hivyo anamzuia, tajiri au maskini. Hata hivyo Agosti 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kutishia kuzuia fedha za serikali kuu kwa sehemu zilizofuta dhamana ya fedha.

Kwa sisi wageni khatari ni kubwa zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya hukumu huku zinatokana na mtu kukiri mwenyewe, na aliye rumande hukiri upesi ili atoke. Asiye raia akikiri, anaweza kurudishwa kwao. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 2010, kesi ya Padilla, kwamba wakili lazima amweleze mteja hilo.

Mtoto wa yule mama alikaa ndani siku tisa. Wakili alimweleza habari za uhamiaji kwa dakika mbili tu, mimi nikikalimani neno kwa neno. Kijana akatikisa kichwa kukubali, kisha akanigeukia mimi: "Kaka, nikikiri, leo nalala nyumbani?"