Murabaha, Akili Mnemba na Hatua Iliyorukwa

Mwenye duka akiulizwa kazi yake inakwendaje, hujibu kwa kusimulia: mteja huja, bei hutajwa, mzigo hutoka, deni huandikwa. Kuyageuza masimulizi hayo kuwa mchoro wa visanduku na mishale ilikuwa kazi ya wataalamu wa kulipwa. Siku hizi programu za akili mnemba, kama vile ChatGPT, huifanya kwa dakika chache, nasi hatuna sababu ya kuikataa neema hiyo.

Hata hivyo, tulitaka kuijaribu katika muamala ambao mpangilio wa hatua ndio unaoutenga na riba. Tukachagua murabaha. Mama anahitaji cherehani, hana fedha taslimu. Taasisi hununua cherehani, huimiliki na kuipokea, kisha humuuzia kwa gharama yake pamoja na faida inayojulikana kwa pande zote mbili, naye hulipa kwa awamu.

Tuliiandikia programu maneno machache, bila kutaja umiliki. Mchoro ulirudi ukiwa nadhifu: maombi, uhakiki wa kipato, kutia saini mkataba wa mauzo, taasisi kumlipa muuzaji, mama kuchukua cherehani dukani. Msomaji mwenye haraka angeupitisha. Lakini taasisi imeuza kabla ya kumiliki! Cherehani ikiungua dukani, hasara ni ya nani? Kilichobaki ni fedha iliyotoka na fedha nyingi zaidi itakayorejea. Mtume (s.a.w.) alimkataza swahaba Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho, na Kiwango cha Sharia Namba 8 cha AAOIFI, taasisi yenye makao yake Bahrain, kinasharutisha umiliki na upokeaji utangulie mauzo.

Mashine haikukusudia ubaya. Imejifunza kutokana na maandishi ambamo mikopo ya kawaida ni mingi kuliko murabaha, na pengo tuliloliacha ililijaza kwa iliyoyazoea. Tulipoitajia sharti la umiliki, iliongeza kisanduku papo hapo. Kisanduku, ndiyo, ila kuandika kwamba taasisi imepokea mali si kuipokea.

Kwa hiyo familia itakayochora biashara yake kwa njia hii na ieleze kwa ukamilifu nani ananunua, mali inahama lini, nani anabeba hasara ikiharibika njiani. Kisha mchoro upelekwe kwa sheikh mjuzi wa fiqhi ya muamalat kabla ya saini yoyote. Wetu wa pili tuliupeleka. Ulirudi na alama ya kalamu nyekundu kwenye mshale mmoja: iwapo mama ndiye atakayeipokea cherehani kwa niaba ya taasisi, hati ya uwakala iko wapi?