"MTANDAO HAKUNA": ULIZENI UMEKATIKA WAPI

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko,

Karani akisema "mtandao hakuna", msiondoke. Kompyuta yake huomba habari za mishahara kwa kompyuta kuu iliyo mbali. Akague hatua nne:

1. Umeme na waya vipo?
2. Anwani ya kompyuta kuu imeandikwa sawa? Amri ya ping ikijibiwa, njia ipo.
3. Mlango uko wazi? Kwa kawaida Oracle hutumia namba 1521, MySQL 3306.
4. Jina na neno la siri vinakubaliwa?

Hatua ya kwanza kukataa ndiyo penye kosa.

Mwajiri hukata 5 kwa mia ya mshahara kwa NSSF, naye huongeza 10. Mtandao ukikatika, deni halifutiki. Tunzeni hati zenu za mshahara.

Umoja ni nguvu!