Unagonga 18? Piga hesabu kabla ya kukata keki

Unatimiza miaka 18 mwezi ujao na tayari mabeshte wanauliza, "Form ni gani?" Kabla hujawajibu, shika kalamu. Andika pesa ulizo nazo mkononi, si zile ulizoahidiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu hesabu vichwa. Keki huuzwa kwa kilo, na kilo moja hutosha watu kama kumi hivi. Ukialika thelathini, umejiongezea kilo mbili, soda na pilau ya watu ishirini, wengine hata majina yao huyajui. Kwa shosho hulipii ukumbi. Anza mchana pia, maana usiku mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda, na wageni watakugeukia wewe.

Sasa mtego wenyewe. Ukishapata kitambulisho, simu inaanza kukubembeleza ukope. Kuanza utu uzima ukidaiwa keki ni ushamba, tuseme ukweli. Riba itakungoja baada ya picha kusahaulika Instagram, na ukishindwa kulipa, jina lako linaweza kufika CRB.

Wanaotaka kuchanga watume M-Pesa kufikia Jumatano. Asiyetuma, usimhesabu kwenye pilau.