Goti Likishapasuliwa: Hesabu ya Kurudi Topeni

Ukiuliza upasuaji wa goti ni shilingi ngapi, utatajiwa bei ya chumba cha upasuaji. Hiyo ni gharama ya siku moja. Gharama inayomwangusha mtu wa Salale au Mbwera, huku kwetu delta ya Rufiji, huja baadaye, katika miezi ya kuufundisha mguu kukanyaga upya.

Miezi hiyo si michache. Kwa aliyeungwa kano ya mbele ya goti, ile ambayo watu wa mpira huiita ACL, utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi aliovumilia kabla ya kurudi kwenye michezo ya kujigeuzageuza, hadi mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Waliochunguzwa walikuwa wanamichezo, si wakata mikoko. Lakini Mzungu anayeteleza kwenye theluji huumia pale mguu unapobanwa na ubao huku kiwiliwili kikigeuka, na huku kwetu tope la delta hubana vilevile. Ukipanda mpunga bondeni, ukishuka mtumbwini maji yakiwa yamekupwa, au ukicheza ndondo Kibiti mjini, kano inayovutwa ni ileile.

Chaguo la kwanza, basi, ni kama kuna haja ya kisu. Nchini Sweden vijana 121 waliokatika kano hiyo waligawanywa: wengine wakapasuliwa mapema, wengine 59 wakaanza na mazoezi tiba na kuambiwa wapasuliwe baadaye ikibidi. Baada ya miaka 2, ni 23 tu kati ya hao 59 waliokuwa wamepasuliwa, na magoti ya makundi yote mawili hayakutofautiana sana. Miaka 5 ilipotimia walikuwa wamefika 30. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: naweza kuanza na miezi 3 ya mazoezi? Goti lililokwama lisilonyooka ni habari nyingine. Hilo halisubiri.

Chaguo la pili ni mahali, na hapa jiografia inatuchezea. Hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Kutoka Kibiti unapanda Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, unaingia Dar es Salaam, ndipo unatoka tena kwa Barabara ya Morogoro. Yaani unaipita Taasisi ya Mifupa MOI, iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, ili ufike ngazi iliyo chini yake! Sababu ya kufanya hivyo ni bima na karatasi ya rufaa. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa miaka mingi kaya ya watu 6 huku mikoani iliilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, iliishia hospitali ya mkoa. Ukienda MOI bila rufaa na bila bima inayofika huko, mfuko ni wako. Kabla ya kukubali tarehe, omba makadirio kwa maandishi, na uulize kama yamejumuisha vipimo, vifaa vya kuungia, kitanda na mazoezi tiba. Bei inayoonekana nafuu mara nyingi imeacha moja ya hayo nje.

Sasa nauli. Mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 12 ni safari 24. Kwenda na kurudi, 48. Mwenye magongo hasafiri peke yake, kwa hiyo ni nauli 96, na hapo sijataja boti ya kukutoa kisiwani hadi bandari ya Nyamisati wala bodaboda ya kukufikisha lami. Kulala kwa ndugu Mbagala wiki 6 za mwanzo, ukamchangia unga na mchele, ni nafuu mno kuliko nauli hizo.

Vifaa visikutie hofu. Tyubu kuukuu ya baiskeli hufanya kazi ya mipira ya mazoezi ya dukani, na baiskeli yenyewe ni tiba nzuri daktari akisharuhusu. Kuogelea pia hushauriwa, ila aliyeandika ushauri huo hakuwafikiria mamba wa Rufiji. Soksi ya goti hupasha joto tu. Kifaa chenye vyuma pembeni kiliwasaidia wafanyakazi wa vituo vya theluji Marekani, utafiti wa 2006 ukasema. Kwa wengine faida yake haijathibitika, na kwenye maji chumvi vyuma hivyo vitaota kutu. Kuchuliwa kigimbi wiki za mwanzo kataa kabisa, hata kama mkandaji ni shangazi: damu ikiwa imeganda humo inaweza kusukumwa hadi mapafuni.

Msimu mmoja wa mpunga utaupoteza, upasuliwe mwezi wowote. Kwa hiyo tafuta mapema kibarua wa kulima na wa kupanda dungu kuwinga ndege. Ukitaka kurudi shambani, ruka kwa mguu mmoja: mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mwenzake, na mtaalamu awe amekuona.

Kwa mwenye ndugu Mbagala na rufaa mkononi, ningechagua MOI. Kwa mwenye bima inayoishia mkoani, Tumbi. Kwa asiye na fedha ya miezi 9 inayofuata, ningesema aanze na mazoezi kwanza, kisu kingoje.